Viazi vya Harusi Katika Bwawa la Mji

Kwa Ndugu Teodosio Calcina,
Mwenyekiti wa Kamati ya Maji, Qalapampa.

YAH: VIAZI VYANGU KUFUKUZWA BWAWANI

Ndugu Mwenyekiti,

Heshima mbele. Natumaini goti lako limepata nafuu, maana baridi ya mwaka huu haina adabu. Naandika kwa masikitiko, si kwa hasira, ingawa hasira ninayo.

1. Kwenye mkutano wa Jumapili uliamuru viroba vyangu vya viazi vya tunta vitolewe bwawani kabla ya Jumamosi. Wewe ni mtu wa hapa, unajua. Viazi vikishapigwa na barafu usiku, vikakanyagwa mpaka maji yakaisha, lazima vilowekwe kwenye maji yanayotembea hadi viwe vyeupe pe. Ukivitoa mapema vinakuwa rangi ya majivu na vinachachuka. Na hivi ni vya harusi ya Nayra, binti yangu uliyemsimamia ubatizo wewe mwenyewe. Wakwe zetu wa ng'ambo ya mto hawamwangalii bibi harusi, wanaangalia sahani. Wakiona tunta nyeusi watasema mtoto hakufunzwa, na watarudi kwao na kijana wao. Nayra hajala vizuri tangu Jumapili.

2. Mhandisi Wilma alieleza mkutanoni hapo kwamba mji unakua, kwamba maji tunayohifadhi Januari hayatufikishi mwisho wa kipupwe, na kwamba ukuta wa bwawa uinuliwe kuanzia Jumamosi. Nikanyoosha mkono nikauliza viazi vimehesabiwa wapi. Watu wakacheka. Mpaka leo sijaona kilichochekesha. Viazi vilikuwepo hapa kabla ya kamati, kabla hata ya kanisa.

3. Ni kweli mabomba ya mtaa wa chini yamekauka tangu Juni. Inaniuma. Lakini wale wengi wao wamehamia juzijuzi kutoka migodini, na wanaoga. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji sijapona. Bi Saturnina wa mtaa huo alinisimamisha sokoni mbele za watu: "Mzee Eleuterio, viazi vyako vinaoga usiku na mchana, wanangu wananawa uso kwa mate! Huoni haya?" Nikamjibu kwa upole kwamba viazi havioshwi, vinalowekwa. Akaniambia neno ambalo siwezi kuliandika kwenye barua ya kiofisi.

4. Kwa hiyo naomba mji ukue Januari hadi Machi tu, wakati maji yapo. Anayetaka kuhamia Julai asubiri huko aliko. Anayetaka kuzaliwa Julai, wazazi wake wapige hesabu mapema.

5. Hilo likishindikana, viazi vyangu viandikishwe kama wakazi wadogo. Hawafui, hawana choo, hawaachi bomba wazi. Nani mwingine mjini anaweza kusema hivyo? Ukuta uinuliwe, sina kinyongo, na watu wote wabebe mawe kama mlivyoamua. Mgongo wangu hauwezi, ila moyo wangu utakuwa nanyi. Ninachoomba ni ukuta uinuke viroba vikiwa ndani.

Nisalimie mama watoto, Mhandisi Wilma, wajumbe wote wa kamati pamoja na yule aliyecheka kuliko wenzake, na hata Bi Saturnina ukimwona.

Ni mimi mtiifu wako katika yote, isipokuwa hilo la Jumamosi,

Eleuterio Chambilla

Nyongeza: Asubuhi hii, kabla ya kuleta barua, nilipita bwawani kuangalia rangi. Nilipoinua kile kiroba kikubwa ninachokilaza kwenye mdomo wa bomba la mtaa wa chini, kwa kuwa pale ndipo maji yanapovuta vizuri, bomba lilikoroma, na punde nikasikia huko chini ndoo zinagongana na akina mama wanaita watoto waje mbio. Nimekirudisha palepale. Mhandisi ameshachora ukuta wake, na sipendi kuharibu kazi ya mtu aliyesoma. Isitoshe, viazi bado vina ukijivu kidogo.