Waraka wa Kuyazuia Matawi ya Ubongo Kujipikia

Kwa furaha kuu na kwa mihuri mitatu, Idara ya Uratibu wa Vitu Vinavyokua, Tanga, ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu hakuna seli ya neva itakayotengeneza protini nje ya makao yake makuu. Mkurugenzi, Bwana Luqmani, aliusoma Waraka huo Namba Saba mbele ya watumishi wote, kisha akausoma tena kwa kuwa mara ya kwanza makofi yalikuwa haba.

Jambo lenyewe lilianza kwa heri. Wiki moja kabla, Dokta Ummekulsum alifika ofisini kuomba kuhuishiwa kibali cha maabara yake ya Nguvumali, alikokuwa akikuza seli za neva za panya kwenye visahani. Kibali kilikuwa kinaisha Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kisingehuishwa, maabara ingefungwa, na seli alizozilea miezi saba zingekufa zote. Bwana Luqmani, mtu mwenye huruma, alimuuliza zinafanya nini.

"Zinaota matawi, Bwana Mkurugenzi. Kiini cha seli kinatoa nakala ya maelekezo, nakala inasafirishwa mpaka huko matawini, na protini inapikwa huko huko inakohitajika. Ndiyo inayolisha tawi likue."

"Huko huko? Bila kurudi kwenye kiini?"

"Ni mbali, Bwana. Ikisubiri kuletwa kutoka kwenye kiini, shughuli imeshapita. Mtazame Bi Hafsa, muuza vitumbua pale Makorora. Unga umeshaumuka, chuma kimeshapata moto. Mteja akifika, anamimina kitumbua. Hapigi simu Dodoma."

"Na anapaswa kupiga," alisema Bwana Luqmani kwa masikitiko.

"Lakini ndivyo mtu anavyojifunza! Ukisikia jina leo ukalikumbuka kesho, ujue matawi yamefanya kazi."

"Kwa kibali cha nani?"

Bwana Luqmani alikuwa ameumia kwelikweli. Miaka ishirini na miwili hajawahi kununua hata kalamu bila barua ya makao makuu, kumbe humu humu kichwani mwake kuna watu wanajipikia! Alihisi kudharauliwa, tena na ubongo aliokuja nao kazini kila siku.

Ndipo ukazaliwa Waraka. Maofisa wote wakuu walijaza fomu ya kiapo, kwamba tangu Jumatatu matawi ya ubongo wao yamesitisha uzalishaji. Bwana Luqmani aliapa wa kwanza, akapigwa picha. Maombi ya Dokta yakakataliwa.

Alhamisi akafika Bwana Manase kutoka makao makuu, na barua ya kumpandisha cheo Mkurugenzi aliyebuni jambo zito kiasi hicho.

"Hongera. Cheo kina majukumu mapya arobaini. Umeyapitia?"

"Yalipofika jana tu nikayahifadhi yote!"

Bwana Manase alifungua faili. "Jana ni Jumatano. Hapa umeapa kwamba tangu Jumatatu kichwani mwako halijengwi kitu. Basi ama umeapa uongo, ama hukuhifadhi."

Bwana Luqmani alicheka peke yake. "Basi naufuta Waraka sasa hivi."

"Utaratibu mpya wa kufuta nyaraka umetoka Jumanne. Unaujua?"

Alikuwa anaujua, herufi kwa herufi. Akafumbua kinywa, akakumbuka kiapo, akakifumba.

"Siujui," alisema.

"Nani anaujua hapa?"

"Mimi," alijibu Saleha, mtunza masjala, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la chai. "Shikamoo, mzee. Kurasa zake ni mbili tu. Mimi sikuapa, fomu zilikuwa za wakubwa."

Bwana Manase alikuwa mtu wa sheria. Kabla chai haijapoa, Saleha alikuwa Kaimu Mkurugenzi, na muhuri wake wa kwanza uliangukia kibali cha Dokta Ummekulsum, aliyeitwa kwa simu, akakichukua kwa mikono miwili na kutoka mbio kuwahi visahani vyake. Waraka nao ulifutwa kwa wote, isipokuwa walioapa. Kiapo kina fomu yake ya kukitengua, nayo imetoka Jumanne ile ile.

Ijumaa asubuhi Bwana Luqmani aliikuta meza yake imekaliwa.

"Saleha! Mkurugenzi hapa ni mimi!"

"Ulikuwa, baba," alisema Saleha kwa upole, akimvutia kiti cha wageni. "Mambo yamebadilika tangu jana, nawe kisheria huwezi kulijua hilo. Hatukulaumu."