Spika Zangu na Masikio ya Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimeamua. Fainali ya Jumapili baba mkwe ataitazama kwangu. Si kwa mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu na kununua sinema ya nyumbani ya dukani, vispika vyembamba kama chupa za shampuu. Tangu avinunue, mzee humwita "mwanangu". Mimi miaka yote ni "wewe". Wewe, hebu sogeza kiti. Inauma.

Nitaunda spika zangu mwenyewe. Mbao zipo, kipaji kipo. Nimempigia mzee simu na amekubali kuja. Hakuuliza spika gani. Anajua atashangazwa.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Leo mbao. Kabati la nguo la mke wangu lina rafu nne, na binadamu wa kawaida anahitaji mbili. Nimekata maboksi mawili, gundi, misumari. Moja limeinamia kushoto. Ukilitazama nawe umeinama, liko sawa kabisa.

Spika zenyewe nimezitoa kwenye gari bovu la jirani. Amenipa bure, akacheka. Acheke. Boksi la spika hujazwa kitu laini ndani ili sauti isigongegonge, kwa hiyo nimetumia sufi ya mto.

Mke ameuliza kwa nini nguo zake ziko sakafuni. Nimemwambia ni kwa muda. Kuhusu mto hajauliza, maana hajalala bado.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Ameulalia mto. Tuyaache hayo.

Mwanyumba amepiga simu. Habari zimemfikia na roho haijatulia. Eti ana ushauri: kila spika ina upande wa kujumlisha na upande wa kutoa, nihakikishe waya za spika zote mbili zimefungwa namna moja. La sivyo, moja itasukuma huku nyingine ikivuta, na atakayekaa katikati hataambulia besi wala maneno ya maana. Nimemshukuru kwa adabu zote. Mti wenye matunda ndio hupigwa mawe. Waya zangu zote ni nyeusi, nimezitoa kwenye feni, na kwenye feni hazikuwahi kulalamika.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Jaribio. Nimewasha nikiwa nimesimama mlangoni. Ngurumo! Mke, aliyekuwa jikoni, amekiri kwamba huko sauti inafika vizuri mno, akauliza kama inaweza kufika kidogo.

Binti yangu alitaka kusikiliza akiwa kwenye kochi la katikati. Nimemkatalia. Kochi hilo ni la mzee. Nimelifuta vumbi, nimelitandika kitambaa, nimelipima likae sawasawa kati ya spika mbili, na hakuna atakayelikalia kabla yake. Heshima ni heshima.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mzee kochini. Mwanyumba na mkewe pembeni, viti vya plastiki. Nikawasha.

Mzee akasema nifungulie sauti. Nikafungulia. Akasema mtangazaji anaongea kama amefunikwa na sufuria. Nikaongeza. Wa pembeni wakaziba masikio, mzee akaweka kiganja sikioni na kuuliza kama mechi imeanza. Mwanyumba akasema taratibu kuwa ni kugeuza waya mbili tu za spika moja, yeye atazigeuza sasa hivi. Nikamwambia mbele ya wote kwamba nyumba hii ina fundi wake. Akakaa.

Mapumziko, mzee alienda jikoni kunywa maji. Hakurudi. Alisema huko anasikia mpaka filimbi. Kipindi cha pili chote alikisikiliza amesimama kando ya sinki, na bao la ushindi alisimuliwa na mke wangu, ambaye naye hakuliona.

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini wakati wa kuaga mzee alinishika bega, akasema, "Pole, mwanangu."

Mwanangu! Hiyo pole sikuielewa sana, lakini watu huambiana pole na kazi, na kazi nimeifanya. Mwanyumba alikuwa amesimama pale pale. Nilimwuliza kama amesikia. Amesikia.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nikiwa bafuni, mke amegeuza zile waya. Nimemkuta amekaa kochini, ananiambia sasa anasikia kila neno, nije nikae mwenyewe nisikie. Sikukaa. Nimezirudisha zilivyokuwa. Kitu kilichomfanya mtu aitwe mwana hakichezewi.

Tena nimeshaelewa tatizo. Watu wa pembeni walisikia, jirani alisikia, mzee peke yake hakusikia. Masikio! Jikoni aliweza kwa sababu sinki hurudisha sauti. Maskini, ukoo mzima umenyamaza, wanamwonea haya. Ila mwana hamwonei haya baba yake.

Nitamuundia kifaa cha kusikilizia, cha nyumbani, imara, kisichopotea ovyo. Betri ya pikipiki ninayo. Spika ndogo imo ndani ya simu ya binti yangu, ambaye yuko shule hadi jioni. Kimebaki kipimo cha sikio tu. Nimempigia mama mkwe, nimemwomba ampime mzee akisinzia. Amekata simu. Bila shaka anatafuta rula.