Pua Yangu na Chupa ya Mwisho ya Tomnacraig

Jumatatu, 7 Novemba

Tumemzika Dod Mearns. Mvua, upepo, magoti yanauma. Mahubiri marefu kuliko maisha ya marehemu. Wiki ndiyo kwanza imeanza, na mimi nimeshachoka.

Lakini ufunguo! Dod ndiye aliyeshika ufunguo wa kabati la chama chetu cha waonjaji wa wiski, na kabatini imebaki chupa moja tu ya wiski ya siku ya mwisho ya Tomnacraig. Kiwanda kilifungwa mwaka 1985. Siku ile aliyesimama mbele ya vyungu vya shaba vya kupikia wiski alikuwa baba yangu. Kazi ya mkono wake, na hakuionja, maana wiski hulala kwenye pipa miaka mingi na baba hakuweza kuingoja. Mimi pia sijaionja. Nina miaka sitini na nane na moyo unaoruka mapigo. Nataka funda moja kabla sijamfuata. Moja tu!

Mwenye ufunguo ndiye anayeamua chupa ifunguliwe lini na nani anywe. Daktari Imlach, mstaafu aliyekuwa akitibu mifugo, anautaka pia. Akiupata, chupa itabaki nyuma ya kioo watalii waipige picha. Amelisema hilo leo kwenye chai ya matanga, mdomo umejaa mkate.

Bi Netta, mwenye baa na mwenyekiti wetu, ametangaza mtihani. Jumamosi, glasi tatu: mbili za Tomnacraig, moja ya mgeni, yaani wiski ya kiwanda kingine. Atakayemtoa mgeni anachukua ufunguo.

Jumanne, 8 Novemba

Mpango upo. Kila mtu hapa anajidai anaijua harufu ya Tomnacraig. Uongo. Tunainusa mara moja kwa mwaka, na tukifika glasi ya pili tunaimba. Mimi nitasoma kabla ya mtihani. Chupa nyingine ya Tomnacraig, ya miaka ya sabini, itakayotumika kwenye mtihani, ilishafunguliwa zamani, na Imlach anaitunza sebuleni kwake mpaka Jumamosi.

Nikamchukua mbwa wetu Tess, mzima wa afya. Nikamwambia Imlach anaumwa masikio. Akampeleka jikoni kwenye mwanga. Nikabaki sebuleni na kichupa cha dawa ya macho nilichokichemsha vizuri. Nikakijaza wiski ya chupa ile. Kwa haraka, nyingine imeingia kiatuni. Imlach akarudi akasema mbwa hana ugonjwa, ni mnene tu, na kwamba tatizo hilo mara nyingi huanzia kwa mwenye mbwa. Nikacheka naye. Neno hilo lilinichoma.

Njiani nilipishana na Ina Shand wa chama chetu, anaelekea kulekule na sungura kwenye kikapu. Maskini sungura.

Jumatano, 9 Novemba

Nimenusa asubuhi, mchana na jioni. Vanila. Biskuti za nazi. Kwa mbali, mlango uliopakwa rangi jana. Nikaonja tone, machozi yakanitoka. Huu ndio mkono wa wazee wetu!

Nikamwita mke wangu naye anuse. Elspet akasema inanuka kama ile Netta anayowamiminia watalii wa basi. Nikamjibu kwamba kuna watu Mungu amewapa pua ya kushikia miwani tu. Leo nalala chumba cha wageni. Godoro lina bonde katikati.

Alhamisi, 10 Novemba

Pua ni chombo, sharti kitunzwe. Sili kitunguu. Sili samaki wa moshi. Sipigi mswaki kwa dawa, siogi kwa sabuni. Elspet amefungua madirisha yote, Novemba hii! Ameniambia, "Mzee, wewe siku hizi hata kipofu anakutambua bila glasi."

Nimemwona Imlach nje ya duka la chipsi, anamwagia samaki wake siki, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Na pua hiyohiyo eti itashindana na yangu. Nusura nimwonee huruma.

Ijumaa, 11 Novemba

Nilirudi kwa Imlach kuongeza akiba. Tess akagoma langoni, akalala chini kama gunia. Hata mbwa amechoka nami. Nikarudi nyumbani nimembeba.

Haidhuru. Ninaijua Tomnacraig kama mfuko wangu. Kesho usiku ufunguo utakuwa hapa, na Krismasi nitakunywa kazi ya baba yangu.

Jumamosi, 12 Novemba

Sijui niandikeje.

Chumba cha nyuma cha baa, moto umekolea. Bi Netta amechota maji kwenye kijito cha Tomnacraig, kilekile kilichokilisha kiwanda, kama desturi yetu inavyotaka. Tone moja kila glasi. Tukainamisha pua.

Glasi ya kwanza: nta ya mshumaa, tufaha zilizosahauliwa kabatini. Ya pili: vanila na biskuti za nazi. Rafiki yangu! Nikamkonyeza. Ya tatu: koti la sufu lililolowa, mafuta ya mashine, moshi wa makaa. Kitu kikanishika kifuani. Nikakipuuza, moyo wangu una tabia hizo.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Ya pili naijua. Kati ya mbili zilizobaki, yenye nta ina heshima ya uzee. Basi mgeni ni huyu mwenye koti! Nikasimama. Wengine waliandika majibu yao kimya kimya kama watu wenye akili. Mimi nikahutubia. Nikasema kinywaji hiki kimepikwa na mtu aliyekuwa anawahi basi. Nikasema sitakitia hata mdomoni. Nikakimwaga motoni, mwali ukaruka wa buluu, mzuri sana.

Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa Ina Shand.

Bi Netta akaniambia taratibu, "Gauld, ndugu yangu, kaa." Kisha akaeleza. Dod, akiwa kitandani, alimwomba chupa ya mwisho ifunguliwe usiku wa mtihani, kila mwanachama apate funda lake. Niliyoimwaga motoni ndiyo ya baba yangu. Ya pili, rafiki yangu wa vanila, ndiyo ile ya watalii wa basi.

Imlach akakohoa. Akasema tangu Dod alazwe, wanachama wamekuwa wakimletea wanyama wagonjwa kwa wingi usio wa kawaida. Kwa hiyo Tomnacraig ya kweli aliificha chini ya kitanda chake, na kwenye chupa tupu sebuleni akajaza ile ya bei rahisi ya Netta. Akatutazama mmoja mmoja. Mwenye mbwa, mwenye sungura, mwenye kobe. Na mwenye samaki wa dhahabu, samaki aliyefika akiwa tayari amekufa. Wote wanne tumeshindwa.

Nikaomba funda jingine. Bi Netta akasema anasikitika, lakini sheria ni sheria, na kilichobaki ni cha mwenye ufunguo kuamua. Ufunguo ni wa Imlach.

Nimerudi kwa miguu, kofia nimeisahau baa. Lilikuwa koti la baba. Alikuwa akiingia jikoni alfajiri ananuka vilevile, mimi mdogo naushika mguu wake hataki kunibandua. Nilimjua! Kifua kilimjua, nikakiamrisha kinyamaze. Nimelia barabarani mvua inaninyeshea, wala sikuona haya.

Jumapili, 13 Novemba

Mafua. Pua imeziba kabisa. Miguu mizito.

Elspet akiwa kanisani, Imlach akaja, kofia mkononi. Yake na yangu pia. Akatoa kichupa kidogo, eti funda la chupa ya mwisho. Akasema hii ndiyo kazi yake ya kwanza kama mwenye ufunguo, na kwamba baba yangu alikuwa akimbeba mabegani siku za sherehe ya mavuno. Akakisogeza kichupa mbele yangu. Akasema, "Kunywa, bwana. Safari hii hakuna hila."

Hakuna hila! Mtu asiye na hila anahitaji kulisema hilo? Mimi ni Gauld, sidanganyiki mara mbili. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikamfungia mlango. Keki ya Krismasi ya Elspet ilikuwa mezani, imetobolewa kwa sindano, inangoja kinywaji chake cha kila wiki, wiski ya kuilainisha mpaka sikukuu. Nikaimwagia yote. Hata tone sikubakiza.

Elspet alirudi akasimama mlangoni ghafla. Akaniuliza kwa sauti ya chini nani amekuja, maana kwa harufu ile alidhani kwa muda baba mkwe wake yumo jikoni. Nikamwambia hakuja mtu, ni Imlach tu, na kwamba yeye Elspet vitunguu vimemharibu pua. Akavuta kiti. Ameketi kando ya keki tangu hapo, hajavua hata koti.

Chupa ya kweli bila shaka imerudi chini ya kitanda cha Imlach. Nimempigia simu dada yangu, amekubali kuniazima kasuku wake Jumanne. Ameshaanza kumfundisha kukohoa.