Bango la Diwani, Ada ya Rosemel

Redio ya Manang Salud, mama muuza kahawa wa kituoni, ndiyo iliyochokoza. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kahawa ya kwanza haijapoa, mtangazaji akasema kuna shule ya kulipia huko mjini imemfutia mwanafunzi msaada wa ada. Baba yake alijiandika fukara, kumbe kila jioni huja kumchukua na gari la viti saba.

"Viti saba," Askofu akasema, akichovya mkate kwenye kikombe. "Mafukara wa siku hizi wamenenepa."

Askofu hakuwa askofu. Alikaa seminari miezi mitatu enzi za ujana, akatoroka na binti wa mpishi, na mpaka leo akiongea hunyanyua vidole viwili kama anabariki watu. Sasa alikuwa dereva wa traisikeli, pikipiki yenye kibanda ubavuni, kama wenzake wote wa kituo kile.

"Usihukumu, Manong, kaka yangu," Wakili akadakia. Huyu cheo chake alikipata siku aliposhinda kesi ya kuku mbele ya baraza la mtaa. "Pengine viti sita ni vya mkopo, kimoja tu ndicho chake."

"Basi mtoto asaidiwe ada ya kiti kimoja."

"We naye ukiwa askofu kweli watu watahamia msikitini."

Boknoy, dereva mwenzao, hakucheka. Bintiye Rosemel, miaka kumi na miwili, alikuwa amefaulu mtihani wa kuingia sekondari ya masista, na jina lake liko kwenye orodha ya kusomeshwa bure miaka yote sita. Masharti ni mawili: mtoto awe anatoka kwenye ufukara wa kweli, na asiwe na mfadhili mwingine yeyote. Asubuhi hii Sista Amparo anapita nyumba kwa nyumba kukagua.

"Kwako atakagua nini?" Manang Salud akamuuliza, akimwongezea sukari bila kuombwa. "Ile nyumba yako ukikohoa ukuta unaitikia."

"Naogopa tu, Manang. Jana mke wangu kafagia mara tatu. Nikamwambia acha, tutaonekana matajiri."

"Ufukara msafi ndio Mungu anaoupenda," Askofu akasema, vidole juu.

"Lakini Boknoy," Wakili akasema taratibu, macho yake yakipanda juu ya paa la kibanda cha kahawa, "sharti la pili lilikuwa linasemaje?"

"Asiwe na mfadhili mwingine. Kwani vipi?"

Wakili akanyoosha kidole. Boknoy akageuka. Kulikuwa kumekucha vizuri sasa, na juu ya paa, kutoka nguzo ya umeme mpaka mti wa malunggay, limetandazwa bango jipya la plastiki. Katikati uso wa Diwani Pilo Dumancas, mkubwa kama mlango, meno yote nje. Pembeni chini, penye nafasi iliyobaki, picha ya Rosemel, saizi ya biskuti.

Askofu akasoma kwa sauti ya ibada. "'Hongera Rosemel Gallano, mwanafunzi anayesomeshwa na Diwani Pilo Dumancas. Kutoka mfukoni mwake hadi moyoni mwenu.'"

"Vijana wake wamelifunga alfajiri," Manang Salud akasema. "Mimi nikadhani mmeelewana. Nikasema afadhali, litanipa kivuli."

Boknoy akashika kichwa. "Mimi nilikwenda ofisini kwake kuchukua cheti cha ufukara tu. Akaniuliza cha nini. Nikamwambia. Akanipiga bega, akasema, 'Nimefurahi sana.'"

"Hapo ndipo ulipokosea. Mwanasiasa akisema amefurahi, shika mfuko wako," Wakili akasema.

"Uchaguzi wa mtaa wiki tatu zijazo," Askofu akasema. "Angekuwepo hospitali ulipozaliwa, angedai ni yeye aliyesukuma."

"Lishushe," Wakili akasema.

"Nilishushe vipi? Huyu ndiye anayetusainia kibali cha kituo. Akinuna, kesho sote tunapaki baharini."

"Basi liache, binti akasome kwa picha."

Kisha wote wakamtazama Boknoy, na yeye akaelewa kwamba hakuna atakayeanza. Kilio huanzia kwa mfiwa. Akavua ndala, akapanda juu ya kibanda cha traisikeli yake, na kutoka hapo juu ya paa la Manang Salud, ambalo lililalamika.

"Ukinivunjia bati unalipa," Manang Salud akasema.

"Mimi ni fukara, Manang. Nina cheti."

Alikuwa ameshafungua kamba moja, bango likakunjamana na kumfinya Diwani jicho la kushoto, ndipo pikipiki nyekundu ikasimama chini yake. Diwani mwenyewe, shati limepigwa pasi, muhuri wa mtaa kwenye kipochi kiunoni. Hakuwahi kuonekana bila ule muhuri, hata kanisani.

"Safi sana, Boknoy," akasema kwa furaha. "Hata mimi nililiona limelegea. Vuta juu kidogo upande wako."

Boknoy akabaki na kamba mkononi. Mdomo ulikuwa unatafuta neno la adabu lenye maana ya 'sivuti', na kabla hajalipata akaona mwavuli mweusi unakuja kwa miguu kutoka upande wa nyumbani kwake. Chini ya mwavuli, Sista Amparo, kitabu chake kwapani.

"Ndugu Gallano," Sista akasema, akiinua uso. "Nimetoka kwako sasa hivi. Nimeona nyumba, nimeona na paa lake. Mama mkwe wako amenilazimisha kula sahani mbili za biko, wali wa nazi na sukari. Nilikuwa nimeshaandika ndiyo." Kisha akasoma bango, polepole, mpaka mwisho. "Sasa naona mtoto ana mfadhili."

Diwani akanyoosha shati lake.

"Nina watoto arobaini kwenye orodha ya kusubiri," Sista akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Boknoy zaidi. Akafungua kitabu, akatoa kalamu. "Mwenye wa kumsaidia ampishe asiye naye. Ni haki tu."

Boknoy aliiona ile kalamu inashuka. Akawaza kituo, akawaza kibali, akawaza traisikeli tisa na watoto wanaozitegemea. Akamwaza Rosemel, aliyefanya mazoezi ya hesabu nyuma ya karatasi za kalenda miaka miwili. Maji ameshayavulia nguo.

"Sista," akasema kutoka juu ya bati, "huyu bwana hajawahi kunipa hata senti moja."

Manang Salud akazima redio.

"Boknoy," Diwani akasema, akicheka kwa meno tu, "wewe umechoka, shuka unywe kahawa. Sista, hili ni suala la moyo. Mimi nina nia."

"Nia ni jambo jema sana," Sista akasema, na uso ukamchangamka. "Tunazipenda nia. Ada ni peso elfu arobaini na nane kwa mwaka, miaka sita. Sare na vitabu mbali. Utasaini hapa, Diwani."

"Sasa hivi?"

"Bango ni la sasa hivi."

"Ahadi ni deni," Askofu akasema, vidole juu.

"Sista, unajua hali ya udiwani. Watu wanaona shati tu. Nyumbani kwangu kuna mambo mengi. Juzi friji imekufa."

"Pole," Sista akasema. "Basi andika kwamba humsaidii, nimrudishe mtoto kwenye orodha. Nahitaji maandishi, tena yenye muhuri. Mkuu wangu hukagua kila karatasi."

"Niandike kwamba simsaidii? Wiki tatu kabla ya uchaguzi?"

Wakili alikuwa ameshachana karatasi kwenye daftari la Manang Salud. "Mimi nitaandika, wewe utasaini. Sikiliza. 'Mimi, Teofilo Dumancas, aitwaye Pilo, Diwani, nathibitisha kwamba sijawahi kumsaidia Ndugu Gallano kwa fedha, mchele, wala kitu kingine chochote, na sina mpango huo.'"

"Hiyo ya mwisho ya nini?"

"Kuziba mianya."

"Diwani," Manang Salud akasema kwa upole, akimsogezea kikombe, kama anamwambia mteja aliyechelewa kulipa, "miaka sita ya ada, au karatasi moja. Chagua, kahawa yako inapoa."

Diwani alitazama bango, akatazama kitabu cha Sista. Akafungua kipochi. Muhuri ulipogonga karatasi, Boknoy aliusikia mpaka kifuani, akakaa juu ya bati.

Sista akaipulizia karatasi ikauka, akaifungia ndani ya kitabu. "Jumatatu mlete Rosemel apimwe sare," akasema. "Na wewe shuka unirudishe konventini, nimeshiba, siwezi kutembea."

Boknoy alishuka hajui kwa mguu upi. Akamfutia Sista kiti kwa shati lake mwenyewe, akapiga kiki mara mbili, pikipiki ikakataa kama kawaida. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuona sababu ya kuyaficha.

Nyuma yake Askofu alikuwa ameshasogea mezani. "Diwani, kabla hujarudisha muhuri. Mimi nina mjukuu, mwakani anamaliza shule ya msingi. Hebu nithibitishie na mimi kwamba hujawahi kunisaidia."

"Na mimi," akasema dereva mwingine. "Nina wawili. Andika mbili."

"Mie hata kama sina mtoto," Manang Salud akasema, "nataka ya kuning'iniza ukutani."

Pikipiki ilipowaka, Boknoy akatazama kwenye kioo cha pembeni. Madereva walikuwa wamepanga mstari mpaka kwenye mti wa malunggay, Wakili anachana karatasi, Diwani anasaini huku jasho linamtoka. Miaka sita amekuwa madarakani, na hii ilikuwa siku ya kwanza kila aliyemwendea na shida kuondoka na alichoomba.