Ombi la Kumfukuza Wangeci kwa Kumpa Mstaafu Mke

Lindi, Kibera
Jumamosi, 19 Januari 2008

Kwa Mwalimu Kaveke,
Mwanzilishi wa Klabu ya Wasomaji wa Riwaya Mtandaoni (Kibera na Kawangware), na mwenye paswadi ya kundi,
Machakos.

Mwalimu,

YAH: UBUNIFU USIO NA IDHINI

Natumai huko Machakos mko salama na shule zimefunguliwa. Sisi huku tupo. Nakuandikia kwa karatasi, nikimpa dereva wa lori la mchanga akuletee, kwa sababu Kanuni ya Kwanza, uliyoiandika wewe mwenyewe, inasema kwamba kwenye kundi letu la barua pepe hapaandikwi chochote isipokuwa mambo ya hadithi za kubuni. Malalamiko yangu si ya kubuni. Ningeyaweka kwenye kundi, ningekuwa nami nimevunja kanuni, na unanijua. Mimi ni fundi wa masanduku ya bati. Kifuniko kisipokaa sawasawa, nalivunja sanduku zima nianze upya.

Kabla ya yote nitangaze, kama Katibu, jambo linalonihusu. Mke wangu Nzilani yuko Kawangware tangu tarehe 29 Desemba. Nilimtuma mimi. Alimpelekea Wangeci kopi za sura ya sita hadi ya kumi na mbili, maana tulikubaliana kila mwanachama awe nazo kabla ya mwaka mpya, na mimi sipendi kuchelewesha kazi ya klabu. Ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Jioni ilimkuta huko, akalala. Kesho yake matokeo ya kura yakatangazwa, barabara zikafungwa, simu yake ikazimika, na kadi za simu zikawa hazipatikani Kibera nzima. Nasema haya ili usije ukadhani nayaficha. Hayahusiani na malalamiko, ambayo ni haya yafuatayo:

1. Kuongeza mhusika. Riwaya tunayosoma uliichagua wewe, kwa hivyo sina haja ya kukueleza kwamba inamhusu karani wa posta aliyestaafu, anayepanda mipapai nyuma ya nyumba yake na kugombana na jirani juu ya ua. Ni kurasa 214 na hakuna hata mmoja ambamo mtu anakimbia. Huyo mstaafu hana mke. Ukurasa wa tisa unasema wazi kwamba alipenda mara moja, akakataliwa, akanunua baiskeli. Sasa soma alichoandika Wangeci tarehe 3 Januari, chini ya kichwa "Sura ya Sita". Nanukuu: "Wasomaji hamjambo. Mke wa mstaafu alifika poa na kopi, halafu barabara zikafungwa. Sasa analala kwa mwenye ploti, yule wa nyumba tunazopanga. Ako sawa, amekula. Anauliza kama mstaafu anakula ama anakunywa tu chai kavu." Mwisho wa kunukuu. Nimeisoma sura ya sita mara tatu kwa mshumaa. Inahusu mbolea.

2. Kuendelea baada ya kuonywa. Nilimjibu siku ile ile kwa upole, kwamba mstaafu ni kapera na tafadhali arudi kitabuni. Kesho yake akaandika: "Mke wa mstaafu ameambiwa hayuko kwa kitabu. Amecheka mpaka akakohoa. Anasema dawa ya presha ya mstaafu iko kwa mkebe wa majani chai, ile ya chini." Nilikwenda kuangalia. Dawa ilikuwemo. Hilo halithibitishi kitu, Mwalimu, mikebe ya majani chai ni mingi na watu wenye presha ni wengi. Lakini niliimeza dawa, kwa kuwa nilikuwa nimeshaishika mkononi.

3. Kuwaambukiza wenzake. Unamkumbuka Kavetsa, yule wa chapati kule Gatwekera. Mwaka mzima hajawahi kuandika zaidi ya "nimemaliza, ni tamu". Sasa kila siku ana jipya. "Mke wa mstaafu asijali, leo nimempelekea bwanake chapati mbili na amezimaliza." Chapati nilizila, sikatai, lakini zimeingiaje kwenye uhakiki? Hata Ishmael, ambaye saiba, ile ya kompyuta za kulipia, ni yake pale Makina na tulimtegemea kwa adabu, ameandika chini ya "Sura ya Tisa" kwamba njia ya mipapai kutoka Makina hadi Lindi iko wazi mpaka saa nane mchana na baada ya hapo msomaji asithubutu. Katika riwaya mipapai ni saba na imepandwa mstari mmoja. Haina njia.

Nilipomkabili Ishmael ana kwa ana, akanivuta kando na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba siku hizi mtu akiketi kwenye kompyuta, kuna watu wanasimama nyuma yake wakisoma majina na mahali ili wajue nani ni wa kabila gani, na kwamba afadhali kuandika "mke wa mstaafu" kuliko kuandika jina la mtu na nyumba aliyolala. Nilimjibu kwamba Kanuni zetu hazina kifungu cha watu wanaosimama nyuma. Halafu akanipa dakika kumi za bure, nami nikazitumia kusoma kama kuna jipya kutoka Kawangware, kwa ajili ya kumbukumbu za klabu.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Juzi Alhamisi Wangeci aliandika, chini ya "Sura ya Kumi na Moja": "Wasomaji, mnisamehe. Vijana wamekuja kwa ploti mara mbili wakiuliza majina ya wageni. Mke wa mstaafu amesema hataki kuniletea shida. Nimemkataza, amekataa kusikia. Ametoka asubuhi na mapema kwa miguu, anapitia Dagoretti Corner, halafu Ngong Road. Ako na kitambaa cha kijani kwa kichwa. Mwenye atamwona kwa sura yake aandike, tafadhali."

Leo ni Jumamosi. Mwendo ni wa saa mbili. Hakuna aliyeandika.

Jana niliketi kwa Ishmael tangu alipofungua mlango nusu mpaka alipoufunga. Kavetsa ameandika mara sita kuuliza kama kuna mtu amefika hiyo sura. Nimetembea mwenyewe mpaka Ngong Road nikarudishwa na askari, nikajaribu upande mwingine nikarudishwa na vijana. Pande zote mbili waliniuliza natafuta nini, na nusura niwaambie natafuta ukurasa.

Sasa nisikilize hoja yangu, Mwalimu, nimeipanga vizuri. Kila kinachoandikwa kwenye kundi ni cha kubuni. Hiyo ni Kanuni ya Kwanza na haijawahi kufutwa. Wangeci aliandika kwenye kundi. Basi alichoandika ni cha kubuni. Basi hakuna vijana waliokuja kwa ploti, hakuna aliyetoka asubuhi, na Nzilani ameketi jikoni kwa Wangeci akichambua maharagwe na kunisengenya. Ninaloomba ni uamuzi rasmi kutoka kwako kwamba ujumbe wa tarehe 17 ni ubunifu mtupu. Uandike kwa wino, utie sahihi, na kama mkuu wa shule hana kinyongo upige na muhuri. Nitaubandika ukutani juu ya kitanda.

Ukishatoa uamuzi huo, mfukuze Wangeci kwa kubuni vibaya. Mtu hamtoi mhusika nyumbani asubuhi, akamfunga kitambaa, akamweka barabarani, kisha akanyamaza siku mbili. Hiyo si kazi ya sanaa, huo ni ukatili.

Najua utasema kuna njia ya pili: kwamba aliyoandika ni ya kweli, na hapo pia amevunja Kanuni, na pia anafukuzika. Nakuomba usiipite njia hiyo. Sijawahi kukuomba kitu tangu tujuane. Naogopa, Mwalimu. Sikutaka kuliandika hilo kwenye barua ya kiofisi lakini limeshaandikika, na karatasi nyingine sina.

5. La tano linanihusu mimi. Aliyemtuma ni Katibu, kwa kopi ambazo zingeweza kungoja hadi mwezi wa tatu na hakuna mstaafu angekufa. Nimezipitia Kanuni zote kumi na nne na hakuna inayosema Katibu wa namna hiyo afanywe nini. Naomba uandike moja.

Msalimie mkeo, mama Kalondu, umwambie asithubutu kupanda basi kuja kutuona. Wasalimie walimu wenzako, na majirani, na yeyote hapo anayesoma au aliyewahi kusoma. Nangoja uamuzi wako nikiwa macho.

Ni mimi, mtunza kanuni zako,
Musembi,
Katibu.

Nyongeza: Dereva hajaondoka bado, kwa hivyo naongeza haya. Nzilani ameingia saa kumi jioni. Siku mbili alikuwa amejibanza kwenye ua wa kanisa pamoja na watu wengine, wakingoja barabara ipoe. Hana kitambaa na ana kiatu kimoja. Usitoe uamuzi wowote. Usimfukuze mtu. Nimekwenda kwa Ishmael, ingawa saa nane imeshapita, nikaandika kwenye kundi kwamba Wangeci alisoma sawasawa tangu mwanzo, mimi ndiye niliyeruka kurasa.

Nilimwuliza Nzilani ameona nini njiani. Akasema hapana, si leo, nimsomee kitabu. Basi nikakaa naye kitandani nikaanzia mwanzo, karani na posta yake na mipapai. Baada ya kurasa chache nikamtia mstaafu mke, nikaendelea kusoma kama kwamba imeandikwa. Nzilani hakuuliza huyo mke ametoka wapi.