Luti ya Paroko na Wimbo wa Mama Nyanjige

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimepata njia. Mzee Ndaki wa Dutwa hataki kumwoza binti yake Nyanjige kwa mpiga gitaa. Anasema gitaa ni la vilabuni. Sawa, nimeliweka chini. Leo paroko kaniazima luti, ndugu wa gitaa wa kale sana, iliyoachwa na padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Tumbo kama nusu boga, nyuzi ishirini na nne. Chombo cha kanisa. Nani atasema ni cha vilabuni?

Jumapili nyumbani kwao kuna sherehe ya kipaimara cha mdogo wake Nyanjige, na wapigaji wa kwaya tumealikwa. Nitapiga wimbo ambao marehemu mama yao aliimba akichuma pamba. Ninao tayari kwenye karatasi yangu ya gitaa: kila mstari ni uzi, kila namba ni mahali pa kubonyeza. Luti ina nyuzi, ina mahali pa kubonyeza. Kazi imekwisha.

Marcelo naye anamtaka Nyanjige. Atakuja na kinanda chake cha umeme kinachojipigia ngoma chenyewe. Namhurumia.

Jumanne, 10 Juni

Kazi haijaisha. Nimefuata namba zote bila kukosea, na umetoka wimbo mwingine kabisa. Mteja aliyeleta baiskeli kuziba pancha akauliza kama nimefiwa. Paroko kaeleza kwamba nyuzi za luti hazikazwi kwa sauti zilezile za gitaa, kwa hiyo namba ileile inatoa sauti nyingine. Akanishauri nitafute kila sauti upya na kuandika namba mpya. Kazi ya punda hiyo. Nitabadilisha luti, si karatasi.

Jumatano, 11 Juni

Nimeikaza ifanane na gitaa. Kwa plaizi. Uzi umekatika ukanichapa sikio.

Nyanjige anashona nguo baraza ya pili. Alicheka kwanza, ndipo akanifuta damu kwa kipande cha sare ya shule ya mtoto wa watu. Nikamweleza mpango wote. Akasema tangu mama yake afariki hakuna aliyethubutu kuimba wimbo ule mbele ya baba yake. Nikamwambia vizuri, basi hatakuwa ameuchoka.

Kisha akavuta kiti. Akawa anaimba kidogo kidogo, mimi natafuta sauti kwenye luti, nafuta namba ya zamani naandika mpya. Nikikosa anarudia. Hachoki. Machozi yalimtoka mara moja, akasingizia vumbi. Nampenda sana. Naandika hapa kwa sababu kumwambia nilisahau.

Alhamisi, 12 Juni

Kimebaki uzi uliokatika. Paroko anasema nyuzi za luti hutengenezwa kwa utumbo. Usukumani utumbo umekuwa shida lini? Na leo kwa Mzee Ndaki wamechinjia wachuma pamba mbuzi. Baiskeli mpaka Dutwa, nikamwamkia mzee, nikaomba utumbo.

Kumbe katika nyumba ile utumbo ni fungu la Bibi Milembe, mama yake mzee, na hata wanawe hawaugusi. Bibi akasema wenzangu huja kuomba binti, mimi nimekuja kuomba mboga yake. Mwishowe akanikatia kipande, kwa sharti kwamba niusafishe wote. Nimesafisha kutwa nzima katikati ya akina mama. Marcelo alikuwa kivulini na wazee anakula maini. Natumaini waliona nani mchapakazi.

Jumamosi, 14 Juni

Nilianika utumbo kwenye kamba ya nguo. Mwewe kachukua nusu. Uliobaki nimeusokota na kuufunga. Unalia kama nzi ndani ya chupa, na unanuka. Nyanjige amesema tutakwenda nao hivyohivyo.

Jumapili, 15 Juni

Marcelo alianza. Mapambio matatu, Bibi Milembe akacheza amekaa. Roho ikaniuma.

Zamu yangu. Mzee Ndaki akauliza hilo boga nimelitoa wapi. Nikapiga, namba mpya zote alizonitafutia Nyanjige. Mzee akaweka kikombe chini. Nilipofika katikati, uzi wa mbuzi ukalegea na wimbo ukafa mikononi mwangu. Nikajua nimemkosa Nyanjige, na kidonda cha watu nimekitonesha bure.

Ndipo Mzee Ndaki akaimba. Akaanzia palepale nilipokwama, sauti inakwaruza, macho yanatazama miguu yake. Nyanjige akamwitikia mpaka mwisho. Nililia mbele ya Marcelo na sijali.

Wakati wa kuaga mzee akanishika mkono. Akasema alidhani amekwisha kuusahau. Akasema pamba ikishauzwa niwalete wazee wangu tuzungumze, na nikija nije na gitaa. Bibi akaongeza kwamba nije nimeshiba.

Jumatatu, 16 Juni

Nimetafakari. Kilichoshinda jana ni luti. Mzee alitaja gitaa kwa adabu tu. Kwa hiyo harusini nitapiga luti, nyimbo thelathini, na kuandika upya namba za nyimbo thelathini ni kazi ya punda. Nitaikaza tu ifanane na gitaa. Kosa la Jumatano lilikuwa plaizi. Leo nina spana.

Nimemweleza Nyanjige. Hakubisha. Amesogeza kiti chake nyuma, mahali ambapo uzi hauwezi kumfikia, akaanza kuimba.