Mpelelezi wa Kujitegemea

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Nimekwisha. Tangazo limebandikwa ukutani pa senema. Filamu ya Bwana Koti, yule mpelelezi asiye polisi, imetoka sehemu ya pili. Mikanda imeshafika kwa treni. Jumamosi, saa tisa alasiri.

Niungame hapa, maana daftari halina mdomo. Hata sehemu ya kwanza sikuiona. Niliisikia. Shangazi Mwanamkuu huuza visheti nyuma ya senema, na ukuta ule una tundu. Kiingereza changu cha Kidato cha Pili kikatosha. Picha nikajazia mwenyewe, nikawasimulia wenzangu darasani. Wakanizunguka kila mapumziko. Mimi Swaumu, ambaye nikiitwa jina tu naangalia miguu yangu.

Hadithi ikaisha. Nikaogopa kurudi kukaa peke yangu. Nikasema nimeona na sehemu ya pili, Dar es Salaam, kwa mjomba. Sina mjomba Dar. Katika sehemu ya pili yangu Koti anawasaka wezi wa asali ya ushirika.

Apolinaria wa darasani kwetu ametangaza kwamba Jumamosi atakaa mstari wa mbele. Kama nimedanganya, nitafute watu wengine wa kula nao michembe ya viazi vikavu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata dawa. Somo la Siasa linasema ubinafsi ni adui wa ujamaa. Na Koti ni nani? Mpelelezi binafsi. Nimemwandikia barua Mzee Bundala, balozi wetu wa nyumba kumi, bila jina. Filamu inafundisha ubinafsi, izuiwe. Nikaisukuma chini ya mlango wake, nikakimbia. Kandambili moja ikabaki kizingitini. Kurudi, mzee yuko mlangoni.

Shikamoo. Marahaba mwanangu, umepoteza kitu? Hapana, Mzee.

Nimerudi nyumbani na kandambili moja. Shangazi kauliza. Nimesema mbwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Mzee Bundala kaita nyumba zote kumi, kasoma barua kwa sauti. Kasema mwandishi ana adabu, ameanza na shikamoo. "Nami namwambia marahaba, popote alipojificha."

Nilikuwa nimejificha nyuma ya mtungi.

Lakini hamhukumu mtu kwa karatasi, kasema. Jumamosi ataiona filamu mwenyewe. Atafutiwe mkalimani. Akilisikia hilo neno binafsi mara moja tu, taa zitawashwa na kila mtu atarudi kwake. Shangazi akasimama. "Swaumu wetu huyu hapa, Kiingereza anakiota!"

Nilitolewa nyuma ya mtungi kwa sikio.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilikwenda moyo umetulia. Neno moja tu, nalitamka, filamu inazimwa, uongo wangu unapona.

Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Nikapewa kipaza sauti cha mikutano. Taa zikazimwa, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona Bwana Koti.

Mfupi. Ana kipara. Koti wangu ni mrefu kama mninga, nywele anachana kwa dakika kumi. Apolinaria akageuka. "We Swaumu, nywele ziko wapi?"

Kipaza sauti kikajibu kabla yangu. "Wamemnyoa gerezani."

Ukumbi wote ukamwonea huruma.

Kisha mtu mmoja kwenye filamu akamuuliza Koti yeye ni nani. Akajibu. Neno lenyewe kabisa. Mzee Bundala akanisogelea, "Anasemaje huyo?"

Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini nikilisema, sitajua Koti atafikwa na nini. Na watu wote wale walikuwa kimya, wanasubiri sauti yangu. Yangu mimi.

"Anasema yeye ni mpelelezi wa kujitegemea."

Mzee akajipiga paja. "Ehee! Huyo mwenzetu. Endelea, mwanangu."

Basi nikaendelea. Masanduku ya magendo yakawa asali ya ushirika. Bahari ikawa Ziwa Tanganyika. Koti akambusu mwanamke, ukumbi ukaguna. Nikasema ni dada yake, hawajaonana siku nyingi. Akambusu tena. Nikasema siku nyingi sana.

Mwalimu Wenceslaus, anayetufundisha Kiingereza, alikuwa nyuma, anakohoa tangu mwanzo mpaka mwisho. Mlangoni kaniambia ana mafua. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Apolinaria kasema ni vilevile nilivyosimulia. Kanibebea kipaza sauti.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelala kama gunia la tumbaku. Nimeamshwa na sauti ya Mzee Bundala, kaja kumsalimu Shangazi. Kwapani ana kitu kimefungwa gazetini. Kaninyoshea. Kandambili yangu.

"Mwandishi wa ile barua akipita hapa, mpe. Mwambie mtu mwenye shikamoo nzuri namna ile asiandike kwa kujificha."

Nikasema nitamwambia. Akaenda zake. Hakuniumbua. Nilikaa chini nikapumua mpaka Shangazi akauliza kama naumwa. Nimeapa: uongo basi, barua basi.

Alasiri Apolinaria kaja na michembe, kaketi karibu nami kabisa. Eti, kuna sehemu ya tatu? Mdomo ukasema ipo, nimeiona, Koti anamwoza mpwa wake. Kafurahi sana. Kasema tangazo limebandikwa leo, inakuja Oktoba.

Nimeshaanza. Shikamoo Mzee, natumaini hujambo.

Safari hii nitavaa viatu vya kufunga kamba.